Samaki anayezama: mwongozo kamili wa kupanga mstari, nakshi na rangi kwenye picha moja

"Mwalimu, nilijaza nukta fasi yote, lakini samaki yangu inapotea."

Ujumbe wa namna hii hunijia karibu kila wiki, na picha imeambatanishwa. Ugonjwa ni ule ule. Samaki amechorwa vizuri, nukta ni nyingi, rangi ni saba au nane, na ukirudi hatua tatu nyuma unaona kitambaa cha meza. Samaki amezama.

Hata katika darasa langu la Jumamosi hapa Katuba, Lubumbashi, kosa hili lina mlango mmoja: mwanafunzi anadhani nakshi ni kitu cha kujazia pengo. Nakshi ni kipimo. Jicho linasoma nafasi iliyo kati ya nukta na nukta kabla ya kuziona nukta zenyewe. Ukikosea nafasi, hata ukiwa na mkono wa dhahabu picha itakukataa.

Tutatengeneza picha moja tu: samaki mwenye magamba, kama wale wanaoletwa sokoni kutoka Kasenga, akiwa kwenye uwanja, yaani eneo lote la nyuma yake, uliojaa nakshi. Ukubwa ni sentimita 40 kwa 60. Jipe siku nne. Anayetaka kumaliza jioni moja aache kusoma hapa, maana rangi mbichi haina haraka ya mtu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambaa cha pamba kisicho na maua: amerikani, au gunia la unga la kitambaa lililofuliwa likatakata. Kata sentimita 50 kwa 70 ili upate pindo la kukunja.
- Fremu ya mbao ya 40 kwa 60, nyundo na misumari midogo.
- Gundi nyeupe ya mafundi mbao.
- Rangi nyeupe ya maji ya ukutani, isiyong'aa. Robo lita inatosha na inabaki.
- Msasa laini, kipande kimoja.
- Rangi nne tu: nyeupe, bluu nzito, njano ya udongo na nyekundu ya udongo. Za akriliki, zile za wachoraji zinazochanganywa na maji, ni nzuri. Za maji za ukutani zinafaa pia.
- Brashi tatu: bapa ya sentimita 3, ya duara ya wastani, na nyembamba yenye ncha ambayo haijawahi kutumika kwa kazi nyingine.
- Kipande cha mkaa (makala, tunavyosema hapa), rula, chaki, maboksi ya kukata vipande vya majaribio, makopo mawili ya maji, kitambaa cha kufutia.
- Kitenge kimoja. Usinunue, azima kwa mama au dada.
- Simu yenye kamera.

Nyeusi sijaitaja kwa makusudi. Mwanafunzi akiwa na nyeusi kwenye sahani anaitumia kuficha kila kosa, na mwishowe picha inakuwa na masizi. Bluu nzito ikichanganywa na nyekundu ya udongo inakupa giza zuri lenye uhai.

Nyekundu ya udongo unaweza kuitengeneza mwenyewe. Chukua udongo wa kichuguu, usage, uchekeche kwenye soksi ya nailoni, kisha uchanganye na gundi nyeupe na maji kidogo. Paka kwenye boksi, acha ukauke, sugua kwa kidole. Vumbi likibaki kidoleni, ongeza gundi. Wekundu wa udongo huu unatokana na kutu ya chuma, ndiyo maana jua haliupaushi kama linavyopausha wino wa maua na majani.

## Hatua ya 1: Andaa kitambaa

Vuta kitambaa kwenye fremu ukianzia katikati ya kila upande, ukielekea pembeni. Ukianza na kona, kitambaa kitakunjamana na hutakinyoosha tena.

Changanya gundi kikombe kimoja na maji vikombe vitatu, paka, acha ikauke. Gundi inaziba matundu ya uzi ili kitambaa kisinywe rangi yako. Halafu paka rangi nyeupe ya ukutani mara mbili, nyepesi: ya kwanza kwa kulala, ya pili kwa kusimama. Ikikauka pitisha msasa polepole.

Onyo kwa wanaofanya kazi wakati wa mvua, Novemba hadi Machi: weka mgongo wa mkono juu ya kitambaa. Ukihisi baridi, ndani bado kuna maji, hata kama kwa macho pamekauka. Mwaka mmoja nilipuuza baridi hiyo mwezi wa Januari kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Baada ya miezi michache alinirudishia picha imebanduka kama ngozi ya nyoka. Nilimrudishia pesa, na tangu siku hiyo mgongo wa mkono wangu ndio unaoamua.

Umefaulu kama: ukikigonga kitambaa kwa kidole kinalia kama ngoma ndogo, na ukikipapasa hakikwaruzi.

## Hatua ya 2: Hesabu kitenge

Wengi huiruka hatua hii, kisha wananiandikia.

Tandaza kitenge mezani. Tafuta umbo moja, ua au ndege, na uliweke alama kwa kipande cha chaki. Sasa tafuta mahali lilipojirudia sawasawa. Pima kwa rula: kutoka umbo hadi pacha wake kuna sentimita ngapi? Kwa upande wa kulala? Kwa upande wa kusimama? Halafu angalia ni nini kinachokaa katikati yao. Utakuta mara nyingi ni uwanja mtupu, au alama ndogo sana za rangi inayokaribia ya uwanja. Mchoraji wa kitenge alijua kupumzisha jicho.

Sasa jaribu mwenyewe. Kata vipande vitatu vya boksi, kila kimoja kama kiganja, uvipake rangi moja nzito. Kwenye vyote weka nukta za milimita 3 hivi, ila nafasi zitofautiane:

Kipande cha kwanza: nafasi ni nusu ya nukta. Kipande cha pili: nafasi ni sawa na nukta. Cha tatu: nafasi ni mara mbili ya nukta.

Visimamishe ukutani, rudi mita tatu. Cha kwanza kimeungana na kuwa kama ngozi moja. Cha tatu kimetulia, nukta zinahesabika. Cha pili kinawakawaka, macho yanataka kukimbia. Sawa kwa sawa inagombana: nukta na uwanja vinavutana, hakuna aliye mbele wala aliye nyuma. Na ukipima picha nyingi ninazotumiwa, utakuta nafasi ni sawa kwa sawa, kwa sababu mkono usiofundishwa ndivyo unavyopenda kwenda.

Kwa picha yetu tutatumia kipimo cha tatu kwenye uwanja na cha kwanza kwenye mwili wa samaki. Tofauti hiyo peke yake tayari inamtoa majini.

## Hatua ya 3: Michoro midogo ya uzito

Chora mistatili minne yenye ukubwa wa kiberiti. Ndani ya kila mmoja weka samaki bila maelezo yoyote, kisha jaza kwa mkaa uzito tatu tu, yaani viwango vya weupe na giza: nyepesi, kati, nzito.

Jaribu samaki nyepesi kwenye uwanja mzito. Jaribu kinyume chake. Jaribu kumsogeza juu, chini, kumkata mkia na ukingo wa picha. Chagua mmoja unaosomeka ukiwa umeushika kwa mkono ulionyooka.

Kanuni ninayoisisitiza mpaka wanafunzi wangu wanaiigiza kwa sauti yangu: samaki awe hatua mbili mbali na uwanja, nakshi iwe hatua moja tu. Uwanja ukiwa mzito, nakshi yake iwe ya kati, na samaki awe nyepesi. Nakshi ikipewa weupe ule ule wa samaki, umemvika samaki nguo ya ukuta.

Ukitaka kuona jambo hili bila kuchora, tafuta jiwe la malakiti lililosuguliwa, hapa kwetu halikosekani. Rangi ni moja, kijani. Nakshi yote inatokana na kijani nzito kukaa kando ya kijani nyepesi, utepe kwa utepe. Hakuna rangi ya pili iliyohitajika.

## Hatua ya 4: Mstari

Hamishia mchoro kwenye kitambaa kwa mkaa. Simama. Shika mkaa kwa mbali, na mstari mrefu wa mgongo utoke begani. Kifundo cha mkono kinafaa kwa jicho na mapezi. Kikipewa mgongo kinatoa mstari wenye nywele-nywele, kama mtu aliyeandika jina lake ndani ya basi linalotembea.

Kabla ya kugusa kitambaa, pitisha mkono hewani mara tatu juu ya njia utakayopita. Mara ya nne shuka. Ukikosea, usirekebishe kwa vimistari vidogo juu ya vingine. Pangusa kwa kitambaa kikavu uanze upya. Hiyo ndiyo faida ya mkaa.

Mstari usiwe mnene sawa kila mahali. Chini ya tumbo uwe mnene kwa sababu pana uzito na kivuli. Mgongoni, mwanga unapopiga, uwe mwembamba karibu kukatika. Mstari mnene sawasawa kuzunguka pande zote unamfanya samaki aonekane amekatwa na mkasi akabandikwa.

Mwishoni pangusa unga wa mkaa uliozidi, ubaki mstari hafifu. Unga ukibaki utachafua rangi yako ya njano na utanilaumu mimi.

## Hatua ya 5: Rangi za chini

Hapa paka rangi tupu, bila nakshi: uwanja mmoja, samaki mmoja.

Uwanja: bluu na nyekundu ya udongo kidogo. Samaki: njano ya udongo na nyeupe. Changanya daima kwa kutia nzito ndani ya nyepesi, tone kwa tone. Ukifanya kinyume, utamaliza kopo zima la nyeupe ukihangaika kuing'arisha bluu. Tengeneza ya kutosha picha yote na kidogo ibaki kwenye chupa yenye kifuniko, kwa sababu rangi ile ile haichanganyiki mara mbili.

Kumbuka pia kwamba rangi ya maji na akriliki huwa nzito zaidi zikikauka. Jaribu kwenye boksi, subiri ikauke, ndipo uamue.

Na ijaribu kando ya jirani yake. Kijani kile kile kikiwekwa juu ya bluu kinaonekana kina njano, kikiwekwa juu ya njano kinaonekana kina bluu. Rangi inaishi na majirani kama mtu wa avenyu.

Kuhusu tope: tope linatokea rangi tatu zikikutana kwenye brashi moja bila mpango, hasa brashi isiyooshwa. Usichanganye zaidi ya mbili, ukiacha nyeupe. Badili maji mara tu usipoona chini ya kopo.

Paka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Umefaulu kama: huoni njia za brashi, na samaki anasomeka kutoka upande wa pili wa chumba. Kama hasomeki sasa, nakshi haitamwokoa. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Nakshi

Kunywa maji, kaa vizuri. Kazi hii ni ya saa kadhaa.

Chagua alama moja. Sio tatu. Mji huu una walimu wakubwa wa jambo hili. Katika karakana ya Le Hangar, iliyoanzishwa hapa mwaka 1946, wachoraji watatu walijaza uwanja kwa njia tatu. Pilipili Mulongoy alizungushia ndege, samaki na mimea yake vialama vidogo vinavyojirudia kwa subira ya mfumaji. Bela Sara alipaka kwa vidole. Mwenze Kibwanga alitumia vimistari vifupi vilivyolala sambamba, mpaka mwili wa mtu unaonekana umefumwa. Kila mmoja alishika njia yake, ndiyo maana hata leo ukiona picha unajua ni ya nani.

Anayeanza nampa kidole. Chovya ncha ya kidole cha mwisho kwenye rangi, gusa mara moja kwenye boksi kuondoa iliyozidi, kisha gusa kitambaa. Kidole hakibadiliki ukubwa, brashi inabadilika. Ukitaka alama ndogo zaidi, tumia kitako cha brashi.

Anzia kwa samaki. Kosa la kawaida ni kuanza kona ya juu kushoto kama mtu anayeandika barua. Ukifika kwa samaki, nukta zinagongana naye: nusu hapa, robo pale. Weka safu ya kwanza ikimzunguka samaki, ifuate umbo lake, halafu safu ya pili nje ya ile, na kuendelea hadi ukingoni. Safu zitakuwa kama mawimbi ya maji yanayomtoka, na vipande vilivyokatika vitaangukia ukingoni ambako havimuumizi mtu.

Njia nyingine ni kuacha nakshi ipite nyuma yake kama kitenge, ikatwe popote mwili unapoanza. Ni nzuri, ila inataka mkono unaojua kukata safi. Kwa picha ya kwanza, mzungushe.

Acha kijia. Kama utabeba kitu kimoja tu kutoka mwongozo huu, beba hiki. Kati ya mstari wa samaki na safu ya kwanza ya nukta acha uwanja mtupu, mpana kuliko nafasi iliyo kati ya nukta na nukta, kuzunguka mwili mzima. Ukiwa karibu utaona umeacha pengo la ajabu na mkono utawasha kulijaza. Usilijaze. Ukirudi nyuma, kijia hicho kinageuka kuwa hewa, na samaki anapanda juu ya uwanja. Nimeokoa picha nyingi za wanafunzi kwa kufunika tu safu moja ya nukta iliyokuwa imebanana na mwili.

Mwilini, fuata mwili. Magamba yapange kwenye mistari inayopinda kama tumbo linavyopinda: makubwa katikati, madogo yakielekea mkia na mgongo. Magamba yaliyopangwa kwa rula yanamlaza samaki chapa chini kama makayabo, samaki mkavu wa chumvi. Hapa tumia kile kipimo cha kubana, nafasi nusu ya alama, na rangi yenye hatua moja tu kutoka kwenye ile ya mwili.

Zungusha kitambaa, sio mkono. Na pumzika kila baada ya nusu saa. Mkono uliochoka haukuambii. Unaanza tu kuweka nukta kubwa zaidi na kuziinamisha upande mmoja. Ukiona safu imeanza kulala, acha kazi mpaka kesho.

Kuvunja nakshi. Vitambaa vya Wakuba wa Kasai, vile vya ukindu wa rafia ambavyo wanaume hufuma na wanawake hudarizi, vina tabia moja: nakshi inakwenda, inakwenda, halafu ghafla inageuka. Jicho linaamka. Unaweza kufanya vivyo hivyo, lakini mara moja tu, na baada ya kuifuata kanuni kwa sehemu kubwa ya picha. Ukivunja mapema, mtazamaji atadhani hukujua kuhesabu, na huenda atakuwa amesema kweli.

Umefaulu kama: ukiziba samaki kwa kiganja, uwanja unaonekana umetulia, ukiondoa kiganja, jicho linamwendea yeye kwanza.

## Hatua ya 7: Rangi ya mwisho

Mpaka sasa nyekundu ya udongo hujaitumia ikiwa peke yake. Sasa itoe. Duara la jicho, ukingo wa pezi moja, labda nukta chache mdomoni. Zote pamoja zisizidi ukubwa wa kidole gumba.

Nyekundu ikitawanywa kila kona inapoteza sauti. Mwanafunzi mmoja alinibishia hapa, akapaka mapezi yote. Picha ikawa nzuri, lazima nikiri, ila ilikuwa picha ya mapezi.

## Hatua ya 8: Ukaguzi

Piga picha kwa simu, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Samaki akitoweka, shida ni uzito, hata kama rangi zenyewe ni za kupendeza. Punguza mwanga wa nukta za uwanja kwa kuzipitishia rangi ya uwanja iliyotiwa maji mengi, ikauke, uangalie tena.

Geuza kitambaa juu chini. Mahali nukta zimebanana au zimeachana patajionyesha, kwa kuwa jicho halisomi tena samaki, linasoma nafasi.

Itazame kwenye kioo. Samaki aliyepinda mgongo anajulikana hapo.

Halafu iegemeze ukutani usiku mzima na uiangalie asubuhi kabla ya kuongea na mtu. Utakachokiona cha kwanza ndicho cha kurekebisha, na kirekebishe hicho tu.

Ikikauka kabisa, baada ya wiki moja hivi, unaweza kupaka vanishi ya maji, tabaka mbili nyembamba, kitambaa kikiwa kimelala chini ili isichuruzike. Wakati wa kiangazi fanya ndani, mlango umefungwa. Vumbi jekundu la barabara zetu likinasa kwenye vanishi halitoki tena. Na kama mteja yuko Likasi au Kolwezi na picha inapanda gari, ing'oe kwenye fremu, iviringishe kwenye bomba pana, upande wenye rangi ukikaa nje. Ukikaa ndani, rangi hubanwa na kujikunja, na ikifunguliwa hupasuka.